Kiraka cha mfumo wa faili kimerudishwa kwa sababu ya majina na rapa: kipimo ni kipi?

mwanzo_wa_inodi ameuliza:

Wakuu, naomba mawazo ya wanaoujua upande wa VFS kwenye kerneli ya Linux (tabaka linalosimamia mifumo yote ya faili). Kuna mfululizo wa viraka 4 (mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kuhakikiwa) vya mfumo mdogo wa faili, hapa tuuite tfs. Unasoma bloku za diski kwa `buffer_head` (bafa ya kerneli ya kubebea bloku) na hauna jono (daftari la mabadiliko la kurejesha hali baada ya mashine kuanguka). Mfululizo umerudishwa bila hitilafu yoyote ya utendaji kutajwa. Malalamiko yote ni ya majina na ya rapa, yaani zile fanksheni ndogo ambazo kazi yake ni kuita fanksheni nyingine tu. Vipande vyenyewe (inodi ni rekodi ya kerneli kuhusu faili moja):

    static inline void tfs_lock_inode(struct inode *inode)
    {
            inode_lock(inode);
    }

    static inline void tfs_free(void *p)
    {
            kvfree(p);
    }

    struct buffer_head *tfs_get_block(struct super_block *sb, sector_t nr)
    {
            struct buffer_head *bh = sb_bread(sb, nr);

            if (!bh)
                    return ERR_PTR(-EIO);
            return bh;
    }

    int tfs_check_inode(struct inode *inode);
    /* 1 kama inodi ni nzima, 0 kama ni mbovu */

Kuna pia `tfs_add_entry()`, `tfs_add_entry_locked()` na `__tfs_add_entry()`, ambazo zinaitana kwa mpangilio huo.

Wahakiki wanataka mbili za kwanza zifutwe kabisa, wanasema ya tatu jina lake linapotosha, na kwenye `_locked` wameuliza "nani ameshika kufuli?" Ninachoshindwa kuelewa: ext4, XFS na Btrfs zimejaa rapa za aina hiihii. Zao zinapitaje na hizi hazipiti? Na je, mabadiliko ya majina yaingie ndani ya viraka vilevile 4 au yawe kiraka chake?

---

bafa_na_bloku:

Mkuu, anza na swali moja kwa kila rapa: ukiifuta na kuweka mwito wa ndani mahali pake, msomaji anapoteza nini? Kwa `tfs_lock_inode()` hapotezi kitu, na kwa kweli anapata. Mhakiki wa VFS akiona `inode_lock(dir)` anajua papo hapo kwamba ni `i_rwsem`, kufuli ya inodi ya aina ya rwsem (wasomaji wengi au mwandishi mmoja), imeshikwa kwa kuandika. Akiona `tfs_lock_inode(dir)` inabidi afungue faili la heda (.h) lako kuhakikisha kwamba si kufuli ya binafsi iliyomo ndani ya `struct tfs_inode_info`. Halafu kuna yule anayebadilisha kanuni za kufuli kwa mifumo yote ya faili. Yeye hutafuta `inode_lock(` kwenye saraka nzima ya `fs/`. Kwako atakuta mstari mmoja tu, ndani ya rapa, na sehemu zote zinazoshika kufuli kweli zitakuwa zimejificha.

Utasema `inode_lock()` nayo ni rapa, na ni kweli. Hapo ndipo mfano mzuri ulipo. Hadi 2016 mifumo ya faili iliandika `mutex_lock(&inode->i_mutex)` yenyewe, kila mahali. Al Viro, mtunzaji wa VFS, akaingiza `inode_lock()` na wenzake katika toleo la 4.5, na ndani ya maelezo ya komiti (rekodi ya badiliko kwenye git) akasema wazi sababu: `i_mutex` inakaribia kugeuzwa kuwa rwsem, ili `->lookup()` ifanyike kufuli ikiwa imeshikwa kwa pamoja. Toleo la 4.7 likafanya hivyo. Ndani ya rapa, `mutex_lock` ikawa `down_write`, na mifumo ya faili haikuhitaji kuguswa upya kwa sababu ya aina ya kufuli. Rapa ile ilificha uamuzi uliokuwa unakaribia kubadilika, na iliuficha kwa wote kwa jina moja. Ya kwako inaificha fanksheni ambayo tayari imeshafanya kazi hiyo.

Mfano wa pili ni `i_size_read()`. Kwenye mashine ya biti 64 unaweza kudhani haina maana. Lakini `i_size` ina baiti 8, na kwenye mashine ya biti 32 inasomwa kwa nusu mbili. Mwandishi akiingia katikati unapata ukubwa ambao haujawahi kuwepo. Rapa inatumia seqcount (hesabu inayomjulisha msomaji kwamba mwandishi ameingia katikati, ili asome tena) kuzuia hilo. Na angalia mwenzake: `i_size_write()` inamtaka mwitaji awe ameshika kufuli, kwa kawaida `i_rwsem`. Waandishi wawili wakigongana kwenye mashine ya biti 32 yenye prosesa nyingi, hesabu ya seqcount inaweza kupotea, na kila atakayeita `i_size_read()` baada ya hapo atazunguka bila kutoka. Rapa ya aina hii huwezi kuiondoa, kwa sababu usahihi wenyewe umekaa humo.

Ya karibuni zaidi ni muda wa inodi. Toleo la 6.6 lilileta `inode_get_ctime()` na `inode_set_ctime_current()` badala ya kugusa `inode->i_ctime` moja kwa moja. Wengi waliona ni kubadilisha majina tu. Lakini ndizo zilizowezesha 6.13 kuingiza mihuri ya muda yenye usahihi unaobadilika, ambayo inahitaji kujua kama kuna mtu ameusoma muda huo tangu ulipoandikwa mara ya mwisho. Ukiwa na sehemu mia zinazoandika moja kwa moja kwenye shamba la struct, huna pa kuweka ukaguzi huo.

Sasa `tfs_free()`. XFS ilikuwa na hiyohiyo, ikiitwa `kmem_free()`, na mwishowe ndani yake kulikuwa na `kvfree()` peke yake. Ilitoka katika 6.9 pamoja na `kmem_alloc()` na `kmem_zalloc()`. Hizi zilikuwa urithi wa IRIX, mfumo endeshi ambako XFS ilianzia, na `kmem_alloc()` ilikuwa na tabia ambayo jina halikuisema: bila bendera ya `KM_MAYFAIL` ilirudia kuomba kumbukumbu hadi ipate, haikushindwa kamwe. Mtu aliyezoea `kmalloc()` hawezi kulijua hilo kwa kusoma mwito. Siku hizi imeandikwa waziwazi, `kmalloc(size, GFP_KERNEL | __GFP_NOFAIL)`. Ni ndefu zaidi, lakini ukweli wote uko mbele ya macho. Kwa hiyo ukitaja XFS kama utetezi, ujue wenyewe wamekuwa wakizing'oa.

Kuna hasara nyingine ya `tfs_free()`. Anayesoma `kvfree(p)` anapata habari: kumbukumbu hii huenda imetoka vmalloc (kurasa ambazo si lazima zifuatane kwenye kumbukumbu halisi). Anayesoma `kfree(p)` anajua haijatoka huko, maana ukiipa `kfree()` anwani ya vmalloc ni kosa kubwa. Jina lako linafuta tofauti hiyo. Tumia `kfree()` pale ulipoomba kwa `kmalloc()`, na `kvfree()` pale tu ulipoomba kwa `kvmalloc()`.

---

mlolongo_wa_miito:

Naongezea kwenye majina, maana hapo ndipo pana hatari zaidi.

`tfs_get_block()`: jina hili lina mwenyewe. Ndani ya `fs/`, `xxx_get_block` ni fanksheni ya aina ya `get_block_t`, inayopokea inodi, namba ya bloku ndani ya faili, `bh_result` na `create`, kisha inajaza ramani ya bloku ya faili kwenda bloku ya diski. Tazama `ext2_get_block()`, `minix_get_block()`, `ext4_get_block()`. Yako inasoma bloku ya diski kwa namba yake. Mtu atakayeleta kiraka cha iomap au cha `mpage` (njia za pamoja za kerneli za kusoma na kuandika data ya faili) atatafuta `tfs_get_block` akitegemea ramani, akute usomaji. Iite `tfs_bread()`, au kwa mfano wa ext4, `tfs_sb_bread()`.

Tofauti na zile mbili za kwanza, mimi ningeibakiza hii. `sb_bread()` inarudisha NULL ikishindwa, na kila mwitaji wako anaigeuza kuwa `-EIO` (kosa la kusoma au kuandika diski). Kugeuza mara moja ndani ya rapa ni kazi halali, na `ext4_sb_bread()` inafanya hivyo. Lakini sasa umebadilisha mkataba: badala ya NULL unarudisha `ERR_PTR`, yaani namba ya kosa iliyofichwa ndani ya pointa. Mwitaji aliyezoea `if (!bh)` ataupita ukaguzi akiwa na pointa ya kosa mkononi, kisha ataigusa na kerneli itaanguka. Kinyume chake kinauma vilevile: `IS_ERR(NULL)` ni uongo, kwa hiyo fanksheni inayorudisha NULL siku moja na `ERR_PTR` siku nyingine inapita pande zote mbili. Mfano hai ni `ext4_bread()`. Inarudisha bafa, au `ERR_PTR`, au NULL pale penye tundu la faili kama hukuomba bloku itengenezwe. Majibu matatu, na kila mwitaji lazima ayajue yote. Kama yako haina sababu ya NULL, andika kwenye maelezo juu ya fanksheni kwamba hairudishi NULL kamwe, kisha pitia waitaji wote mmoja mmoja. Kompaila haitakusaidia hapa, aina ya data ni ileile.

Mtego huohuo uko kwenye `iget`, fanksheni za kuipata inodi kwa namba yake. `iget_locked()` inarudisha NULL kumbukumbu ikikosekana, ila `ext4_iget()` na jamaa zake wanarudisha `ERR_PTR`. Kwenye `tfs_iget()` hakikisha mstari unaofuata `iget_locked()` ni:

    if (!inode)
            return ERR_PTR(-ENOMEM);

`_locked`: swali la mhakiki ni la haki kabisa, kwa sababu kiambishi hicho kina maana zaidi ya moja ndani ya kerneli. Kwenye `iget_locked()` maana yake ni kwamba inodi mpya *inarudi* ikiwa imefungwa, ina `I_NEW`, na wengine wataisubiri hadi uite `unlock_new_inode()`, au `iget_failed()` ukishindwa kuijaza. Kwingine maana yake ni "mwitaji tayari ameshika". Na kwenye `lookup_one_unlocked()` maana yake ni "mwitaji hajashika, nitashika mwenyewe". Usitegemee kiambishi peke yake. Weka mstari wa kwanza ndani ya fanksheni, ukaguzi wa lockdep (chombo cha kerneli cha kukagua matumizi ya kufuli):

    lockdep_assert_held_write(&dir->i_rwsem);

Kerneli ikijengwa na `CONFIG_PROVE_LOCKING`, mwitaji aliyekosea atapigiwa kelele mara ya kwanza tu anapopita hapo, hata kama mgongano wenyewe haujatokea. Isipowashwa, hailipi gharama. Mstari huo una nguvu kuliko jina lolote utakaloweza kubuni.

Na kwa nini ziko tatu? VFS inaposhuka kwenye `->create()`, `->mkdir()`, `->link()` na `->unlink()`, saraka ya mzazi tayari imefungwa kwa kuandika. Ukiita `inode_lock(dir)` tena ndani, huo ni mkwamo (deadlock) wa uhakika, maana aliyeishika rwsem hawezi kuishika tena. Maana yake toleo linaloshika kufuli halina mwitaji halali kutoka njia hizo. Angalia ni nani anaita `tfs_add_entry()` ile ya juu kabisa. Kama hakuna, futa mbili ubakize moja yenye jina `tfs_add_entry()` na ukaguzi wa lockdep ndani.

`tfs_check_inode()`: mwongozo wa mtindo wa kerneli unasema wazi. Jina likiwa tendo, rudisha 0 kwa mafanikio na namba hasi ya kosa. Jina likiwa swali, rudisha kweli au si kweli. "Check" ni tendo, kwa hiyo msomaji wa `if (tfs_check_inode(inode))` anaelewa "kama kuna kosa", na yako inasema "kama ni nzima". Chagua moja: `bool tfs_inode_is_valid()`, au `int tfs_verify_inode()` inayorudisha `-EUCLEAN` (kosa la data iliyoharibika). Mimi ningechukua ya pili, kwa sababu mwitaji anaweza kuirudisha juu ilivyo.

---

heda_moja:

Nakubaliana na wote wawili isipokuwa kwenye suala la alama `__` mwanzoni mwa jina, kama ile ya `__tfs_add_entry()`. Usiifute kila mahali kwa hofu. Ina kazi pale ambapo toleo la nje linaongeza kitu kidogo kinachoonekana. `brelse(bh)` inaangalia kama `bh` ni NULL kisha inaita `__brelse(bh)`, ambayo haiangalii. `mark_inode_dirty()` na `mark_inode_dirty_sync()` zote zinaita `__mark_inode_dirty()`, moja ikipeleka `I_DIRTY` na nyingine `I_DIRTY_SYNC`. Hapo rapa inakuokoa na bendera ambazo waitaji wengi wangezikosea. Kinachokera ni `__foo` ambayo haisemi imepunguza nini: ukaguzi, kufuli, au imetenganishwa tu kwa sababu fanksheni ilikuwa ndefu. Ya aina ya mwisho ipe jina la kazi yake, mfano `tfs_find_free_slot()`.

Makro za ext4 nazo usizichukue kama ruhusa ya jumla. `ext4_iget()` ni makro inayoita `__ext4_iget()` na kupeleka `__func__` na `__LINE__`, ili inodi mbovu ikikutwa, ujumbe kwenye logi utaje mahali ilipoombwa. Hiyo ni faida inayopimika kwa anayesoma ripoti ya hitilafu. `ext4_handle_dirty_metadata()` ni hivyohivyo. Kama tfs haina ujumbe wa namna hiyo, huna haja ya umbo hilo.

Neno la haraka kuhusu `static inline`: fanksheni ya zaidi ya mistari 3 hivi usiiwekee inline ndani ya faili la .c, kompaila inajua. Na fanksheni iliyomezwa na kompaila ndani ya mwitaji wake haionekani kwa ftrace (chombo cha kufuatilia miito ya kerneli), kwa hiyo rapa unayotegemea kuifuatilia isiwe inline. Majina mafupi ya static nayo yanasumbua hapo. Fungua `/proc/kallsyms` (orodha ya majina ya fanksheni za kerneli) utafute `init_once`, utaona mifumo kadhaa ya faili imetumia jina hilohilo. Kwenye mlolongo wa miito bila jina la moduli hujui ni ya nani. Weka `tfs_` hata kwenye static; Btrfs wanaidai kwa kila kinachotoka nje ya faili lake, na mimi naona herufi nne si gharama.

---

mwanzo_wa_inodi:

Asanteni sana. Nimehakiki waitaji: `tfs_add_entry()` ya juu inaitwa na `->rename()` tu, na huko saraka zote mbili zimeshafungwa, kwa hiyo ilikuwa mkwamo unaosubiri. Limebaki swali la mpangilio. Waitaji wa `tfs_lock_inode()` ni zaidi ya 30. Naweza kutumia `sed`? Na huu mkwamo wa rename uende wapi?

---

bafa_na_bloku:

Mkwamo uende kiraka cha kwanza kabisa, peke yake, kabla ya jina lolote kubadilika. Kama msimbo huo tayari uko ndani ya kerneli iliyotoka, weka `Fixes:` yenye herufi 12 za mwanzo za komiti iliyoleta kosa, pamoja na `Cc: stable`. Ukiuweka baada ya mabadiliko ya majina, wanaotunza matoleo ya muda mrefu hawataweza kuuchukua bila kuchukua na majina, au itabidi mtu auandike upya kwa mkono. Kisha: kiraka cha kufuta rapa mbili, kiraka cha `tfs_sb_bread()`, kiraka cha `tfs_verify_inode()`, halafu ndiyo viraka vyako 4. Kubadilisha jina na kubadilisha tabia visikae kiraka kimoja. Kwa `tfs_verify_inode()` haviwezi kutengana kwa sababu maana ya thamani inayorudi inageuka, na ni afadhali jina libadilike papo hapo: mwitaji uliyemsahau atagoma kujengwa badala ya kufanya kinyume kimyakimya.

`sed` iache. Itagusa `tfs_lock_inode_shared` kama unayo. Tumia Coccinelle, chombo kinachobadilisha msimbo wa C kwa kufuata muundo wake:

    @@
    expression E;
    @@
    - tfs_lock_inode(E)
    + inode_lock(E)

Ihifadhi kama `kufuli.cocci`, kisha `spatch --sp-file kufuli.cocci --in-place --dir fs/tfs`. Fanya hivyohivyo kwa jozi yake ya kufungua. Yenyewe haibadilishi maandishi ya maelezo, kwa hiyo maliza na `git grep tfs_lock_inode` usahihishe yaliyobaki. Kanuni hizo za Coccinelle ziweke ndani ya ujumbe wa komiti, ili mhakiki aziendeshe mwenyewe badala ya kusoma mistari 30 inayofanana.

Kabla ya kutuma, jenga kila kiraka kivyake: `git rebase -i --exec "make W=1 fs/tfs/" master`. Kiraka kimoja kisichojengeka katikati kinaharibu bisect (utafutaji wa komiti iliyoleta kosa) ya watu wengine. Pitisha `./scripts/checkpatch.pl --strict` kwenye kila faili, na uendeshe xfstests (majaribio ya mifumo ya faili) kwa `./check -g quick` juu ya kerneli yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING`, maana ukaguzi wa `lockdep_assert_held_write()` uliouongeza haufanyi kazi bila lockdep kuwashwa.

---

mlolongo_wa_miito:

Na ukitoa v2 (toleo la pili la mfululizo), orodha ya kilichobadilika tangu v1 iwe chini ya mstari wa `---`, isiingie kwenye historia ya git. Pale ambapo unabakiza kitu ambacho mhakiki anaweza kukipinga, mfano rapa ya `sb_bread()`, mjibu kwenye uzi wa v1 kwa sababu zako kabla ya kutuma v2. Sentensi mbili zinatosha: waitaji wote walikuwa wanageuza NULL kuwa `-EIO`, sasa inageuzwa mahali pamoja, na jina jipya linafuata `ext4_sb_bread()` ambayo ina mkataba uleule.